Jarida la Kuaminika la Bwana Toleo

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa chuo kikuu Jumatatu saa nne asubuhi, na ilipofika saa nne na robo wahadhiri wawili walikuwa wameshika viuno, mmoja amekaa kwenye ngazi kama aliyefiwa, na wa nne anawaambia wenzake kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi. Huyo wa nne ndiye aliyekuwa na makala nyingi kuliko wote.

Bwana Toleo alikuwa akipita koridoni na bahasha ya vyeti. Vilikuwa vyeti vya Mwandishi Bora wa Mwezi, vyenye utepe wa dhahabu na muhuri mwekundu, na mwezi ule waandishi bora walikuwa kumi na tisa. Alipowaona wateja wake wanne wamenywea namna ile, alijibanza nyuma ya mlango wa maktaba mpaka wakaondoka. Kisha akausogelea ubao, akavaa miwani yake ya vioo vitupu, akasoma.

Mfuko wa Utafiti, ule uliokuwa ukiwapa wahadhiri pesa za utafiti na kuwalipia ada za kuchapisha, ulikuwa umechoka kuchezewa. Kuanzia tarehe mosi Januari, makala iliyotoka kwenye jarida lisilokuwamo katika orodha ya Mfuko haitalipiwa, wala chuo hakitaihesabu mtu akiomba kupandishwa cheo. Ili kuwasaidia waandishi, Mfuko uliambatanisha Mwongozo wa Kuchagua Jarida la Kuaminika, wenye maswali kumi. Je, jarida lina mwenyewe anayejulikana? Je, wajumbe wa bodi ya wahariri wapo kweli, na wanajua kwamba wao ni wajumbe? Je, makala husomwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa? Je, ada inatajwa wazi tangu mwanzo? Na kadhalika, hadi swali la kumi ambalo Bwana Toleo alilisoma mara mbili: Je, jarida limewahi kukataa makala?

Mtu mwingine angetafuta mlango wa nyuma. Bwana Toleo alizitafuta pini. Alizing'oa zote nne, akaukunja Mwongozo, akautia kwenye bahasha pamoja na waandishi bora. Mtu akikupa maswali ya mtihani miezi sita kabla ya mtihani, alijisemea akishuka ngazi, huyo si adui yako. Huyo ni mwalimu wa masomo ya ziada.

Tuseme ukweli wake mapema, maana mwenyewe hatausema. Bwana Toleo alianza maisha na mashine moja ya fotokopi nje ya geti la chuo. Kwa kunakili tasnifu za watu miaka sita alijifunza lugha yao yote: matokeo yanaashiria, utafiti zaidi unahitajika, kwa mujibu wa fulani na wenzake. Alijifunza pia kwamba mhadhiri asiye na makala iliyochapishwa halali usingizi. Basi akapanga vyumba viwili juu ya duka la magodoro, akanunua suti, akaanzisha Jarida la Kimataifa la Sayansi Zote na Mambo Mengineyo. Ukituma makala Jumatatu pamoja na ada, Alhamisi imetoka. Kwa miaka minne hakukataa hata moja. Aliwahi kupokea mkataba wa kupanga nyumba, ambao mwandishi aliuambatisha kwa bahati mbaya badala ya makala yake. Ulitoka ukurasa wa arobaini na moja, na watu walikuwa wameshaunukuu.

Alipofika ofisini alimkuta mhadhiri wa mifugo, ambaye chuo kizima kilimwita Dokta Kuku, amesimama katikati ya chumba anatweta.

"Bwana Toleo, tumekwisha!"

"Tumekwisha akina nani, dokta? Kaa kwanza. Nukta, mpe dokta maji."

"Nina makala saba kwako mwaka huu. Saba! Barua yangu ya kuomba uprofesa iko mezani kwa mkuu wa kitivo. Leo wanatuletea mwongozo, ati jarida lako ni la kitapeli!"

"Wamelitaja?"

"Hawakulitaja. Lakini nimejibu maswali yote kumi, na yote jibu lake ni hapana."

Bwana Toleo alivua miwani, akaifuta kwa tai polepole, kama mtu anayesikitikia ujana wa mwenzake. "Dokta, unadhani mwongozo huo aliuomba nani? Sisi. Majarida makini tumelia miaka mingi na hawa matapeli, leo kilio kimesikika, halafu wewe unalia? Furahi, ndugu yangu."

"Kwa hiyo mtakuwamo kwenye orodha?"

"Maombi yetu yako njiani." Na kweli yalikuwa njiani, maana aliyafikiria akipanda ngazi. "Ila unajua, uaminifu nao una gharama. Kuna mafaili, kuna mihuri. Tumeweka ada ndogo ya uaminifu kwa wale waandishi wetu wa karibu. Sikutaka kukuambia leo, naona una mawazo."

"Niambie tu," alisema Dokta Kuku, akatoa simu, akalipa papo hapo. Akadai stakabadhi, akapewa, imeandikwa "Ada ya Uaminifu" na kupigwa muhuri mwekundu.

Msiharakishe kumcheka. Mtu mwenye shahada tatu hutapeliwa upesi kuliko muuza mitumba, kwa sababu muuza mitumba anajua kwamba anaweza kudanganywa.

Nukta alingoja hatua za mgeni zizimike ngazini, ndipo akageuka kutoka kwenye kompyuta. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkimya, mwenye miwani ya kweli. Ndiye aliyekuwa mfanyakazi pekee wa jarida lile la kimataifa. Jina lile alipewa na Bwana Toleo mwenyewe, kwa sababu hakuweza kuuachia ukurasa upite bila kuziweka nukta na mikato mahali pake. Zamani alisoma chuo miaka miwili, akaacha kwenda kumuuguza mama yake. Tangu hapo alikuwa mchapaji, na kosa lake kubwa machoni pa bosi ni kwamba alikuwa akisoma anachokichapa.

"Nukta, usisome. Chapa," alikuwa akimwambia kila wiki.

Leo alimwambia, "Soma," akamwekea Mwongozo mezani.

Nukta alisoma mpaka mwisho. "Bosi, haya maswali hatuyawezi."

"Hatuyajibu, tunayaigiza. Anza na bodi."

Nukta alifungua ukurasa wa bodi, wenye wasomi kumi na wawili. "Huyu mwenyekiti amefariki."

"Lini?"

"Miaka tisa iliyopita."

"Amewahi kulalamika?"

"Na huyu wa pili, hii picha ni ya tangazo la dawa ya meno."

"Lakini ana tabasamu la kisomi."

"Bosi, wanasema watawapigia simu."

Bwana Toleo alizunguka chumba mara mbili. "Basi watoe wote. Tafuta wazee wa kweli, wastaafu wenye majina. Waandikie kwa heshima zote, waombe wawe wajumbe, wapelekee na makala wazisome. Hawatajibu. Wasomi hawajibu barua, nimewaandikia miaka minne, nawajua. Tukiulizwa tunatoa nakala za barua tulizotuma. Sisi tumeomba, wao wamenyamaza, kosa la nani?"

"Na swali la kwanza? Wanataka jina la mwenye jarida."

Hapo Bwana Toleo alikohoa. Alikuwa na laini tatu za simu zenye majina matatu, na hakuna hata moja lililokuwa lake. Karatasi yenye jina la mtu alikuwa akiiogopa kama wengine wanavyoogopa sindano. Alimtazama Nukta, akamtazama tena, kisha uso wake ukachanua.

"Nukta, nakupandisha cheo! Kuanzia leo wewe ndiye Mwenye Jarida na Mhariri Mkuu."

"Na wewe utakuwa nani?"

"Mimi nitakuwa nyuma ya pazia."

Hesabu yake ilikuwa fupi. Mambo yakinyooka, pesa ataziona yeye. Mambo yakiharibika, polisi humfuata aliyeandikwa. Nukta alizichukua fomu za usajili, akakaa nazo siku mbili, akarudi na swali moja tu.

"Hapa pameandikwa kwamba mwenye jarida ana mamlaka yote juu ya jarida, tovuti yake na akaunti yake ya benki. Nipaache palivyo?"

"Paache, paache! Fomu ikijaa maneno ndiyo wanaiamini."

Nukta akapaacha.

Jibu la kwanza lilifika baada ya siku tisa. Lilitoka kwa profesa mstaafu wa magonjwa ya wanyama, mzee ambaye majirani zake walimwita Babu Profesa, na lilikuwa na kurasa sita zilizoandikwa kwa mkono. Alikuwa ameisoma makala aliyotumiwa mstari kwa mstari, akahesabu upya majedwali yote, na mwishoni akaandika: "Nashukuru kukumbukwa. Ni miaka saba hakuna aliyeniuliza kitu." Wiki ile ile walijibu wengine wanne. Mmoja, bibi aliyekuwa mtaalamu wa mbegu, aliomba aongezewe makala, maana zile mbili alizimaliza kwa siku moja.

"Wamejibu?" Bwana Toleo alicheka mpaka akashika meza. "Hawana kazi! Tia kwenye faili, Nukta, huo ni ushahidi mtupu." Hakufungua faili lile hata siku moja. Lilikuwa limejaa maneno, na yeye aliyapenda maneno kwa uzito wake tu.

Likabaki swali la kumi.

"Tafuta mtu mmoja wa mbali," alimwagiza Nukta, "asiye na makelele wala ndugu serikalini, umkatae kwa adabu. Mmoja anatosha."

Nukta alimkataa Dokta Kuku.

Jamaa alikuwa ameleta makala ya nane, juu ya chakula kipya cha kuku kinachoongeza mayai. Ilipelekwa kwa Babu Profesa. Babu Profesa alifika jedwali la nne, akaona kwamba kila wiki mayai yanapanda na kila wiki kuku wanapungua, hadi wiki ya kumi na mbili ambapo kuku walikuwa sifuri na mayai mia mbili na kumi. Barua ya kukataa iliandikwa na Nukta kwa lugha laini sana. Ilimalizia hivi: "Tungependa kufahamu mayai hayo yalitagwa na nani."

Dokta Kuku alipanda ngazi tatu tatu. Bwana Toleo alikuwa hajui lolote, na alipoisoma barua ile nywele zilimsimama.

"Miaka minne nakulipa!" alifoka Dokta Kuku. "Umenipa cheti cha Mwandishi Bora mara tano! Leo unaniuliza habari za mayai?"

"Dokta, kuna makosa ya uchapaji hapa..."

"Hakuna makosa," alisema Nukta bila kugeuka. "Kuku wake walikufa, bosi. Wote."

Mhadhiri aliondoka akiapa kwamba atawaambia watu wote. Akawaambia kweli. Akasimama kwenye chumba cha wahadhiri akapiga kelele kwamba lile jarida limemkataa yeye, mwenye makala saba! Wenzake walimpa pole, wakarudi ofisini, wakafunga milango, kila mmoja akawaza jambo lile lile: jarida lililomkataa Dokta Kuku haliwezi kuwa la mchezo. Ilipofika Ijumaa makala arobaini zilikuwa zimeingia. Wiki iliyofuata zikaanza kuja za vyuo vingine, za watu ambao zamani walikuwa wakilisikia jina la jarida lile wanacheka.

"Jamani!" Bwana Toleo alikaa mbele ya kompyuta, mdomo wazi. "Miaka minne nimekubali kila takataka, nikapata kidogo. Nimekataa kuku mmoja, dunia nzima imekuja. Nukta, kataa na wengine!"

"Nimeshakataa ishirini na sita," alisema Nukta.

Mwishoni mwa Novemba ilikuja barua kutoka Mfuko. Maombi yamepokelewa, mkaguzi atafika Alhamisi saa tatu. Jarida likipita litaingia kwenye orodha, na ada za waandishi wote zitalipwa na Mfuko moja kwa moja. Lisipopita, mwaka mpya utamkuta Bwana Toleo amerudi getini na mashine ya fotokopi. Aliijua ile mashine. Joto lake bado lilikuwa kwenye vidole vyake, na hakutaka kurudi kwake hata kwa dawa.

Kwa hiyo hakuliamini faili. Tapeli ana msiba huo: hata akishikilia kitu cha kweli, atakipaka rangi. Alimwita shemeji yake, kaka wa mkewe, mshereheshaji wa harusi mwenye sauti ya kutikisa madirisha, akamweka chumba cha pili na simu.

"Wewe ndiye Babu Profesa. Simu ikilia, pokea, kohoa kidogo, halafu sema unalifahamu jarida na unalipenda."

"Niimbe?"

"Usiimbe, shemeji. Nukta, kwenye orodha ya bodi, pale kwa Babu Profesa, andika namba ya shemeji."

"Namba inayotakiwa iko pale, bosi," alisema Nukta.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye viatu vya kutembelea, mkoba wa kitambaa na penseli iliyochongwa kwa kisu. Hakunywa maji, hakusifia utepe wa dhahabu. Aliuliza swali la kwanza hadi la tisa huku Nukta akimpa karatasi moja baada ya nyingine, na Bwana Toleo akiwa amesimama kando, mikono nyuma, anatabasamu kwa niaba ya jarida. Halafu mama akatoa simu yake.

"Nitampigia mjumbe mmoja. Huyu hapa, wa magonjwa ya wanyama." Akaiweka mezani, sauti ikasikika chumba kizima.

Simu iliita mara tatu. "Nani?" ilinguruma sauti nzee. "Mfuko? Mfuko wa Utafiti? Nyinyi ndio mlionikatalia ombi langu la utafiti wa kimeta nikiwa kijana!"

Mama akacheka kwa mara ya kwanza. Bwana Toleo naye moyo ukamtulia. Shemeji ana kipaji, aliwaza. Hata hilo la kimeta sikumfundisha.

"Jarida? Ndiyo nalijua, nalisomea makala kila wiki. Juzi nimemkataa mtu wa mayai. Kuku sifuri, mama, mayai mia mbili na kumi! Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuniangalia. Huyo mhariri wao ni binti makini sana, ananitajia hata mkato niliousahau..."

Bwana Toleo aligeukia ukuta wa chumba cha pili, akanyanyua kidole gumba kumpongeza.

Mlango ukafunguliwa. Shemeji alitokeza, karanga mdomoni na simu mkononi. "Shemeji," alisema, "mbona hailii? Nimekaa mpaka miguu imekufa ganzi."

Mezani, sauti nzee ilikuwa bado inasimulia habari za kimeta.

Bwana Toleo alimtazama shemeji, akaitazama simu, akamtazama Nukta. Alielewa polepole, kitu kimoja baada ya kingine: kwamba mzee ni mzee wa kweli, kwamba kurasa zile sita ni kurasa za kweli, na kwamba chini ya pua yake, kwenye vyumba vyake viwili, kwa miezi mitano, mtu alikuwa akiendesha jarida halali.

"Huyu ni nani?" aliuliza mama.

"Mshereheshaji wa harusi," alijibu Nukta. "Amekosea chumba."

Akili ni nywele, na shemeji alikuwa nazo za kutosha. Aliaga kwa adabu akashuka ngazi.

Mama alimshukuru mzee, akakata simu. Kisha akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa toleo la zamani, lenye jalada la kijani. Akalifungua ukurasa wa arobaini na moja.

"Hili haliko kwenye maswali kumi," alisema. "Humu mwenyekiti wa bodi ni marehemu. Humu mna mkataba wa kupanga nyumba, na umenukuliwa mara tatu. Mfuko umelipia makala mia mbili za namna hii, na tumeshafika polisi. Nataka kujua, wakati ule nani alikuwa mwenye jarida?"

"Matoleo yale tumeyafuta yote," alisema Nukta. "Tangazo liko kwenye tovuti na waandishi wote tumewaandikia. Niliyachapa mimi, mama, hilo nimelieleza kwenye tangazo, sikulificha. Aliyekuwa akiyatoa anajiita Bwana Toleo. Jina lake la kweli halimo kwenye karatasi yoyote."

"Polisi wanasema ni mtu wa suti, mwenye miwani."

Bwana Toleo alivua miwani akaitia mfukoni.

Mama alimgeukia. "Na wewe, bwana? Umesimama hapo tangu asubuhi. Wewe ni nani hapa?"

Lilikuwa swali rahisi. Angesema, "Mimi ndiye mwenye jarida," na jarida lote lingekuwa lake: orodha, wazee, makala zinazomiminika. Pamoja na marehemu, dawa ya meno, mkataba wa nyumba na makala mia mbili.

"Mimi?" alisema hatimaye. "Mimi fundi. Nimekuja kutengeneza printa."

"Afadhali," alisema mama. "Nilitaka kuchapisha ripoti yangu hapa hapa."

"Imekwama tangu jana, fundi," alisema Nukta. "Karibu."

Ikabidi avue koti. Alipiga magoti mbele ya printa, akafungua kifuniko, na vidole vyake vikakumbuka kazi kabla yake. Mpira wa kuvutia karatasi ulikuwa umeshika vumbi. Akautoa, akaufuta kwa tai, akaurudisha. Baada ya dakika kumi, mama akiwa ameshaiandika ripoti kwenye kompyuta ya Nukta, mashine ikakohoa, ikaanza kutema kurasa za ripoti moja moja, mbele ya uso wake. Swali la kwanza: ndiyo, mwenye jarida anajulikana. Swali la pili: ndiyo. Swali la kumi: ndiyo, na sababu hutolewa. Mwisho: jarida liingizwe kwenye orodha.

"Fundi mzuri," alisema mama, akakusanya karatasi zake, akatoka.

Bwana Toleo alinyanyuka, magoti yamejaa vumbi. "Nukta, umeniua."

"Nimekuua wapi, bosi? Uliniambia yote yawe ndiyo. Yote ni ndiyo."

"Tulikubaliana tuyaigize!"

"Nilijaribu. Lakini kumwandikia mzee barua ya kuigiza na kumwandikia barua ni kazi ile ile, na stempu ni ile ile. Akajibu kurasa sita. Ningefanya nini, nimnyamazie?"

"Jarida ni langu!"

"Sema kwa sauti zaidi. Dirisha liko wazi, na mama hajafika mbali."

Bwana Toleo alikwenda kufunga dirisha. Nukta alivua miwani, na bila miwani alionekana amechoka kuliko alivyowahi kumwona.

"Miaka kumi na moja nachapa majina ya watu," alisema. "Hata kwenye ukurasa wa shukrani langu halijatoka. Ukaja wewe ukaliandikisha kwenye fomu, na ulijua unaliandikisha ili siku moja likalale mahabusu. Mimi pia nilijua. Nikaona basi, kama jina langu ndilo litakaloulizwa, heri liwe na la kujibu."

Bwana Toleo aliona aibu. Hakuwa ameizoea, ikamkaa vibaya kama kiatu cha mtu. "Hata kazi ndogo hakuna?" aliuliza. "Mshauri tu. Nyuma ya pazia."

"Andika maombi, kurasa mbili. Yatasomwa na watu wawili wasiokujua."

"Wakinikataa?"

"Wewe mwenyewe ulisema, bosi. Mmoja anatosha."

Akafungua droo, akatoa malipo ya fundi na kitabu cha stakabadhi. "Jina kamili hapa, na sahihi. Siku hizi hatutoi pesa bila jina."

Bwana Toleo aliichukua kalamu. Aliishika juu ya mstari ule mtupu muda mrefu, mpaka wino ukaacha kidoa kidogo kwenye karatasi. Kisha akairudisha mezani, akachukua koti lake, akaziacha pesa pale pale. Ilikuwa kazi pekee ya halali aliyowahi kuifanya ndani ya chumba kile, nayo ikakosa mwenyewe.

Alikuwa katikati ya ngazi, anapiga hesabu ya basi la mji wa mbali, alipokutana na Dokta Kuku anapanda na makala ya tisa kwapani.

"Bwana Toleo!" alipaza sauti jamaa, uso umechangamka kama hawajawahi kugombana. "Nimekuja tuyamalize!"

"Umenifananisha," alinong'ona Bwana Toleo, akijaribu kupenya.

"Nimekufananisha vipi, Bwana Toleo? Bwana Toleo, si mimi hapa? Si ulinitoza mwenyewe ada ya uaminifu?" Na kwa kuwa ni msomi, na msomi hasemi jambo bila ushahidi, alitoa stakabadhi yenye muhuri mwekundu akaipeperusha juu.

Chini, kwenye mlango wa duka la magodoro, mama mfupi mwenye viatu vya kutembelea alikuwa akiuliza bei ya mto. Aliurudisha mto mahali pake, akageuka, akafungua mkoba wa kitambaa na kutoa penseli.